Mti Uliobarikiwa Nao Hukauka

Tumeletewa swali na ndugu mmoja katika wanaohudhuria darsa zetu. Kwa kuwa swali hilo si lake peke yake, bali twalisikia barazani na madukani pia, tumeona ni bora kulijibu hapa lipate kuwafikia wengi. Ndugu huyu amesoma ya kwamba mizeituni na mizabibu ya nchi zilizozunguka Bahari ya Mediterania inadhoofika kwa sababu ya joto la dunia lililozidi. Naye auliza: mzeituni ni mti ambao Mola ameuapia na kuuita mbarikiwa, basi yawezekanaje uharibiwe na joto? Na je, kuyasadiki maneno haya ya wataalamu si upungufu wa imani, ilhali mvua na jua vyote vimo mkononi mwa Mwenyezi Mungu?

Tutaanza na la kwanza. Ni kweli kwamba zeituni na zabibu zimetajwa katika Qur'ani mara kwa mara: katika Sura An-Nahl pamoja na nafaka na mitende, katika Sura Abasa, na katika Sura An-Nur ambapo mzeituni umetajwa kuwa mti uliobarikiwa. Lakini baraka maana yake si kinga. Mti uliobarikiwa ni mti uliotiwa kheri nyingi ndani yake, mafuta ya kula, ya kujipaka na ya kuwashia taa. Haukuambiwa kwamba hautakatika kwa shoka wala hautaungua kwa moto. Wapalestina wamekuwa wakiona mizeituni yao ikikatwa na kung'olewa kwa mikono ya watu miaka mingi sasa, na hapana mwenye akili aliyesema kwamba kwa sababu mti ule ni mbarikiwa basi shoka halikuupata.

Tena Qur'ani yenyewe imetusimulia juu ya mabustani yaliyoharibika. Katika Sura Al-Kahf yuko mtu aliyepewa mabustani mawili ya mizabibu, yamezungukwa na mitende, katikati yake pana mimea, na mto ukipita baina yake. Mtu huyu aliingia bustanini mwake akasema kwamba hadhani kuwa mali ile itatoweka kamwe. Asubuhi moja akaamka akipindua viganja vyake kwa majuto, na mizabibu imeanguka juu ya chanja zake. Na watu wa Saba walikuwa na mabustani mawili, kulia na kushoto. Walipopuuza, mafuriko ya lile boma la maji yakawaachia matunda machungu na mikunazi michache. Basi anayesema leo kwamba mzabibu na mzeituni haviwezi kutoweka katika nchi yake, hebu naaangalie amechukua usemi wa nani.

Sasa tueleze jambo lenyewe linavyotokea, maana wengi wetu twalisikia kwa jina tu. Mzeituni ni mti wa subira. Huvumilia ukame kuliko miti mingi, na wako walio hai leo ambao umri wao wahesabiwa kwa mamia ya miaka. Lakini una masharti yake. Wakati wa kipupwe wataka baridi ya wiki kadhaa, na hiyo baridi ndiyo iutayarishayo kutoa matumba ya maua. Kipupwe kikiwa vuguvugu, mti husitawi majani na maua yakawa haba. Kisha maua hufunguka katika miezi ya Aprili na Mei, na unga wa maua huchukuliwa na upepo kutoka mti hata mti. Likija joto kali na upepo mkavu katika siku hizo chache, unga ule hukauka, na ua huanguka bila ya kufunga tunda. Tena wakati wa kiangazi tunda lataka maji kidogo lipate kujaa mafuta; likikosa, husinyaa likabaki kokwa na ngozi. Wakulima tangu kale wajua kwamba mzeituni huzaa sana mwaka mmoja ukapumzika mwaka wa pili. Waliloliona siku hizi ni kupumzika kusiko kwa zamu.

Mfano ulio wazi ni Uhispania, hasa upande wa kusini, nchi ile ile tuliyokuwa tukiiita Andalusi. Mpaka leo Mhispania akitaka zeituni husema *aceituna*, na mafuta huyaita *aceite*, maneno aliyoyarithi kwa Waarabu kama sisi tulivyolirithi neno zeituni. Huko Ishbilia, katika karne ya 12, Ibn al-Awwam aliandika kitabu kikubwa cha ukulima, ndani yake mna mlango wa mzeituni na mlango wa mzabibu. Nchi hiyo ndiyo itoayo mafuta ya zeituni mengi kuliko nchi yoyote duniani. Katika msimu wa 2021 hadi 2022 ilipata karibu tani milioni 1.5. Msimu uliofuata hazikufika tani 700,000, yaani chini ya nusu. Na msimu wa baada yake zikawa 850,000 hivi. Katikati ya dhiki hiyo, tarehe 27 Aprili 2023, mizeituni ikiwa katika maua, kipimajoto katika uwanja wa ndege wa Cordoba kilionyesha digrii 38.8. Joto hilo halikupata kupimwa katika bara la Uhispania katika mwezi wa Aprili. Wataalamu waliolichunguza tukio hilo walisema kwamba lisingalikaribia kutokea lau si dunia kuzidi joto.

Bei nayo ikapanda mpaka watu wa huko, ambao mafuta haya kwao ni kama nazi kwetu, wakawa wapima kwa kijiko. Wezi walianza kuingia mashambani usiku kuiba zeituni mitini. Kisha katika msimu wa 2024 hadi 2025 mvua zilirudi na mavuno yakapanda tena kufika tani milioni 1.4 hivi. Twalitaja hili makusudi, kwa kuwa yuko atakayesema: mmeona, mvua imerudi, basi maneno yote yalikuwa uwongo. Si hivyo. Mgonjwa wa homa ya vipindi hupata nafuu siku moja, na hapana tabibu amwambiaye kwamba amepona kwa nafuu ya siku moja.

Wala si kila balaa la mzeituni litokanalo na joto, na yatupasa kuwa waadilifu katika kuhukumu. Huko Puglia, kusini mwa Italia, mamilioni ya mizeituni yamekufa kwa kijidudu kiitwacho *Xylella*, kilichogunduliwa huko mwaka 2013, nacho huchukuliwa na mdudu kutoka mti hata mti. Hicho kililetwa na biashara ya mimea kutoka nchi za mbali. Mwaka 2014 nao Waitalia walipoteza mavuno mengi kwa inzi wa zeituni, kwa kuwa kiangazi cha mwaka ule kilikuwa cha mvua na ubaridi. Mwenye kulaumu joto kwa kila jambo humpa mpinzani wake hoja bure.

Ama mzabibu, ushahidi wake ni wa ajabu zaidi. Katika mji wa Beaune, nchi ya Ufaransa, watu wameandika siku ya kuanza kuchuma zabibu kila mwaka tangu mwaka 1354. Wataalamu walizikusanya tarehe hizo hata mwaka 2018, jumla miaka 664, wakakuta kwamba tangu 1988 uchumaji huanza kwa wastani siku 13 mapema kuliko ilivyokuwa desturi. Hao walioandika hawakuwa na habari ya joto la dunia. Waliandika kwa ajili ya kazi yao tu. Na ushahidi wa mtu asiyekuwa na haja na kesi ndio ushahidi uaminiwao na kadhi.

Tunajua kwamba msomaji wetu atasema: hao wachuma zabibu ili watengeneze mvinyo, basi mavuno yao yakiharibika pana hasara gani? Kwa mvinyo hatuna kilio. Lakini mzabibu haukufanya dhambi. Mti ule ule ndio utoao zabibu kavu tuzitiazo katika pilau, na ndio utoao dibsi ambayo watu wa Al-Khalil huila kwa mkate asubuhi. Jua halichagui shamba la mlevi likaliacha la mcha Mungu. Tena lililowapata Wafaransa lina somo: kwa kuwa kipupwe kimekuwa na joto, mizabibu huchipua mapema, kisha, kama ilivyotokea Aprili 2021, ikaja jalidi ya siku chache ikaviunguza vile vichipukizi. Mtu aweza kudhani kwamba baridi ile yakanusha habari ya joto, kumbe joto ndilo lililoutoa mti nyumbani kabla ya wakati wake ukakutwa njiani na baridi. Na zabibu zilizookoka, zikiivia katika joto kali, sukari yake huzidi na ukali wake hupungua, nazo huungua ngozi kwa jua.

Labda wengine wetu twaona hizo zote ni habari za Wazungu. Basi na tuje Omani, ambako wengi katika watu wa miji yetu wana ami zao na wajomba zao. Katika Jabal Akhdar, kwenye urefu wa mita 2,000 hivi juu ya bahari, viko vijiji kama Al-Ayn na Sharayja, ambako watu wamechonga matuta ubavuni mwa mlima na kuyanywesha kwa falaji, wakapanda mikomamanga, mizabibu, mishmishi na mawaridi. Miti mingi ya huko haikuweza kuota Omani illa kwa baridi ya mlima ule. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 ulizihesabu saa za baridi ambazo miti hiyo huzipata kila kipupwe, na ukakuta kwamba zimekuwa zikipungua tangu miaka ya 1980. Mtu wa bondeni joto likimzidi aweza kupanda mlimani. Wa Sharayja yuko mlimani tayari, atapanda wapi?

Na katika nchi ya Moroko jambo limefika mpaka kwenye ibada. Baada ya miaka mingi ya ukame mfululizo, zeituni zilipungua na bei ya mafuta ikapaa, na wanyama wakafa kwa kukosa malisho. Mwezi wa Februari 2025 Mfalme Mohammed wa Sita aliwaomba raia zake, kwa barua iliyosomwa na waziri wake, wasichinje katika Idi ya mwaka ule, kwa kuwa kondoo walikuwa wamepungua kwa asilimia 38, na akasema kwamba yeye atachinja kwa niaba yao. Udhia ni sunna iliyotiliwa mkazo, na mwenye dhiki hakukalifishwa. Katika hilo hapana lawama juu yao. Lakini hebu tafakari: nchi nzima ya Waislamu Idi imeingia, na vitoto vyauliza kondoo yuko wapi.

Sasa twarejea kwenye swali la pili, nalo ndilo zito. Je, kuyasadiki haya ni upungufu wa imani? Twasema: kuamini kadari ni nguzo ya imani, na asiyeiamini si mwenzetu. Lakini kadari si mto wa kulalia. Mwenyezi Mungu ameumba vitu akavipa tabia zao. Ameujaalia moto uunguze, na maji yazime. Anayejua kwamba moto waunguza hakumshirikisha Mungu na moto. Vivyo hivyo, anayejua kwamba hewa ya kaboni dayoksaidi huzuia joto lisitoke duniani hakumshirikisha Mungu na hewa. Hewa hiyo, kabla ya viwanda kuanza, ilikuwa sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa. Leo imepita 420, kwa makaa ya mawe na mafuta ya petroli tuyachomayo. Mwaka 2024 joto la dunia lilizidi lile la zamani kwa digrii 1.5 na zaidi kidogo. Kipimajoto hakina dini. Na katika Sura Ar-Rum imekwisha elezwa kwamba ufisadi hudhihiri barani na baharini kwa yale yaliyochumwa na mikono ya watu, ili waonjeshwe baadhi ya waliyoyatenda, huenda wakarejea.

Mtazame Sayyidna Umar, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, katika mwaka wa 18 wa Hijria, ule mwaka ulioitwa wa Ramada kwa sababu ardhi ya Hijazi ilikuwa kama majivu. Njaa iliingia, mabedui wakakimbilia Madina. Umar alifanya nini? Alitoka na watu akasali sala ya kuomba mvua, na Abbas ami yake Mtume akaombewa kuwa mbele katika dua ile. Lakini kabla ya hapo na baada ya hapo aliandika barua kwa Amr bin Al-As, na kwa maliwali wengine, akiwataka walete chakula, na misafara ikaja na unga na mafuta. Na yeye mwenyewe aliapa kutoonja samli wala nyama mpaka watu washibe. Akawa hula mkate kwa mafuta ya zeituni, mpaka rangi yake ikageuka na tumbo lake likawa languruma. Basi ni nani kati yetu mwenye imani ya kadari kuliko Umar? Aliinua mikono kwa dua, kisha akaishusha akashika kalamu.

Wako kati yetu, na wengine wao husimama juu ya mimbari, wasemao kwamba haya ni alama za Kiama, basi hapana la kufanywa ila kungoja. Hao wameyasoma maneno nusu. Mtume (s.a.w.) alituagiza kwamba hata Kiama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda aupande. Na wako wengine wasemao kwamba hili ni deni la Ulaya na Marekani, kwa kuwa wao ndio waliochoma zaidi. Katika hili wana haki, na hatutaki kuwapunguzia. Moshi wa nchi yetu ni mchache mno ukilinganishwa na wao. Lakini nani asiyejua kwamba visima vikubwa vya mafuta vya dunia vingi vimo katika nchi za Waislamu? Mwezi wa Agosti 2015 wanavyuoni kutoka nchi nyingi walikutana Istanbul wakatoa tamko la kuzitaka serikali, na hasa zile tajiri na zenye mafuta, ziache kuchoma. Na mkutano wa mataifa uliofanyika Dubai Desemba 2023 uliandika kwa mara ya kwanza maneno ya kuondokana na nishati hizo. Maandishi yako. Yaliyobaki ni kutenda, na katika kutenda twawaona ndugu zetu hao hawana haraka.

Yeye aliyeuliza ameongeza swali dogo mwisho wa barua yake, labda akidhani si muhimu, nasi twaliona ndilo lenye faida zaidi: je, sharia ina neno kwa mkulima aliyepatwa na haya? Ndiyo, inalo, na ni zaidi ya moja.

La kwanza ni zaka. Zabibu, kama tende, zina zaka kwa makubaliano ya wanavyuoni zikifika kiwango cha wasaki tano. Ama zeituni wamehitilafiana: Abu Hanifa na Malik wamewajibisha, na Imamu wetu Shafii katika kauli yake ya mwisho hakuwajibisha. Kilichonyweshwa kwa mvua au kwa mto hutolewa sehemu moja katika kumi. Kilichonyweshwa kwa gharama na taabu hutolewa nusu yake. Na kama mwaka umegawanyika, nusu kwa mvua na nusu kwa taabu, basi hutolewa robo tatu za ushuri. Sasa fikiri. Mizabibu ya mtu iliyokuwa ikinywa mvua tangu zama za babu yake, leo hainywi illa kwa pampu na visima. Mavuno yamepungua, na haki ya fukara ndani ya hayo machache imeshuka kutoka asilimia 10 hata 5. Hakuna aliyeiba, sharia imemwonea huruma mkulima, kwani gharama ni yake. Lakini fukara amepungukiwa mara mbili, na mvua ndiyo iliyokuwa ikimlisha bila ya yeye kujua. Na mazao yakiangamia yote kwa janga kabla ya kuvunwa, pasi na uzembe wa mwenyewe, hapana zaka juu yake.

La pili ni mauzo. Ni desturi katika nchi nyingi, na hata kwetu katika maembe na machungwa, mtu kununua matunda yakiwa bado mtini, kisha akangoja yaive. Je, likija janga la mbinguni, joto au jalidi au upepo, likayaharibu, hasara ni ya nani? Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) aliamrisha majanga yaondolewe, yaani muuzaji asichukue bei ya tunda lililoangamia, kwani atakula mali ya nduguye kwa haki gani? Watu wa Imamu Ahmad wameichukua amri hii kuwa ni wajibu. Malik ameiweka katika theluthi na zaidi, kwa kuwa hasara ndogo haikosekani katika kila shamba. Ama Shafii katika kauli yake ya mwisho ameona kwamba ni jambo lipendezalo, si lazima, kwa kuwa mnunuzi amekwisha pokea mali yake. Zamani mas'ala haya husomwa upesi upesi, kwa kuwa janga lilikuwa ni jambo la mara moja katika miaka kumi. Leo janga limekuwa mshirika wa kila mwaka, na wafanya biashara wetu wanunuao maembe mitini huko Malindi na Tana yawapasa kukaa na wauzaji kabla ya kutoa pesa, waandike mbele ya mashahidi wawili: likitokea la kutokea, kila mmoja atabeba kiasi gani.

La tatu lahusu maduka. Mafuta ya zeituni yalipopanda bei, visa vya kughushi viliongezeka katika nchi za Ulaya, mafuta ya bei nafuu yakitiwa rangi na kuuzwa kwa jina la zeituni. Chupa hizo hupanda meli kama chupa nyingine. Mwenye duka aliyeona bei ya chupa ni ndogo kupita kiasi amekwisha pewa dalili. Naauze kwa jina lake lililo kweli, aseme ni mafuta yaliyochanganywa, na mgonjwa anayeyanunua kwa kufuata agizo la Mtume la kuyala na kujipaka ajue anachokipeleka nyumbani.